Kumi na Moja juu ya Ishirini

Habari ya asubuhi ile ilifika kwenye benchi la Mama Berthe ikiwa imekunjwa mara nne ndani ya soksi ya Timothée. Ilikuwa karatasi ya gazeti kutoka Bruxelles, la miezi minane nyuma, na ndani yake wazungu walikuwa wamekaa wakaitolea points michezo ya televisheni, ile ya kuchezwa kwa vidole kwenye machine, kila mchezo na hukumu yake, kama watoto wa shule mwisho wa mwaka.

"Sababu gani ndani ya soksi?" Mama Berthe aliuliza, huku akigeuza mikate kwenye mafuta kwa spoku ya baisikeli.

"Mama, tangu Banalia mvua ilinipiga. Mufuko ya shati ililowa, mufuko ya suruali ililowa. Soksi moja tu njo ilibakia kavu."

"Na ya pili?"

"Ya pili sina."

Timothée aliwabebea watu mizigo kwa baisikeli, na kwenye benchi walimwita Kilomètre, maana safari yake ilirefuka kila alipoisimulia. Benchi lenyewe lilikuwa ubao mmoja juu ya madebe mawili, chini ya bati, ng'ambo ya chumba cha Hilaire, mwenye machine ya michezo kama hiyo, mtaani Kabondo. Kulia kwake lilikaa birika la kahawa, kushoto beseni la mikate, na katikati rundo la karatasi za kufungia. Karatasi hizo alizileta Maître Arthur, mwalimu wa darasa la tano: zilikuwa dictée, yaani imla, za zamani za wanafunzi wake, na points juu kwa wino mwekundu. Watu wa Kabondo walizoea kula mikate yao huku wakichekana: wewe leo umekula tatu, mimi nimekula kumi na mbili. Ndiyo maana Maître aliitwa Dictée.

Dictée alifunga miwani yake kwa kamba, akasoma.

"Mpira wa miguu: sita juu ya ishirini. 'Wachezaji wanakimbia kama watu waliovaa viatu vya jirani.'"

"Sita?" Kilomètre aliruka. "Ule mutu alicheza na mikono ao na viwiko? Mi niliona Hilaire anapiga kichwa kwa ule mupira, batu wa Mangobo, mutaa mwingine kabisa, wakasikia."

"Kaa chini. Karate: nane. 'Inaanza vizuri, kisha kila mtu anapigana namna moja.' Ndege za vita: kumi na tatu. 'Kelele nyingi, fikra kidogo.' Matofali yanayoanguka: kumi na tisa. 'Kazi safi. Mtu anasahau kula.'"

Fatouma, muuza mchele aliyetoka Maniema, alicheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. Yeye walimwita Mizani, maana alipima kila kitu, hata salamu.

"Kusahau kula, kule kwao iko sifa? Siye hapa tunasahau kula bila machine."

"Hata hivyo, kumi na tisa," Dictée alisema. "Miaka makumi mbili na mbili ya kazi, nilitoa kumi na tisa mara moja tu. Bon, nikakuja kujua mutoto ule alikopia."

"Alikopia kwa nani?"

"Kwa cahier yangu mwenyewe, daftari ya masahihisho."

Walikuwa bado wanacheka Hilaire alipotoka chumbani na singlendi, barua mkononi, uso kama mtu aliyeambiwa ahame. Michezo hiyo minne ilikuwa yake. Zamani alikuwa mvuvi wa Yanonge, na mali yake ilikuwa pirogue, mtumbwi wa marehemu baba yake. Coopérant mmoja, mtaalamu mzungu aliyekuwa anarudi kwao aliipenda ile pirogue, akampa televisheni, machine na kasete nne, wakabadilishana. Sasa pirogue ilikuwa imetundikwa ukutani mwa salon, sebule ya mzungu yule huko Liège, na maua ndani yake, na Hilaire hakuwa na njia ya kurudi mtoni. Machine ndiyo ilikuwa mto wake: watu walilipa kuicheza, naye akala.

"Makofi anakuya," alisema.

Kicheko kikakatika. Makofi alikuwa Citoyen Lifoli, yaani Raia Lifoli, mtu wa Chama wa mtaa. Jina la Makofi alilipata kwa sababu kila mkutano aliuanza kwa makofi, akaumaliza kwa makofi, na katikati akaongeza mengine kidogo ili watu wasilale.

"Anakuya lini?" Mizani aliuliza.

"Sasa hivi. Barua inasema machine yote ya picha itolewe points na raia wenyewe, yeye ataandika. Na raia wenyewe, njo ninyi wa benchi."

"Ah, basi," Kilomètre alisema, na viganja vyake vikaanza kukutana vyenyewe. "Ishirini juu ya ishirini. Tunapiga makofi, tunarudia kahawa."

"Ishirini," Mizani akaunga.

"Ishirini," hata Dictée akasema, yeye ambaye kwa binti yake mwenyewe hakuwahi kuvuka kumi na nne.

Haikuwa ajabu. Watu wale walikuwa wamezoea kupewa kadi mbili za kura, ya kijani ya ndiyo na nyekundu ya hapana, na mtu wa kuwatazama mkono. Kutoa points chini ya zote kulikuwa kumewatoka mwilini. Mtu akiwauliza neno lolote mbele ya abacost, suti ile ya wakubwa wa Chama, jibu lilikuwa limeshatoka kabla swali halijaisha.

Mama Berthe peke yake hakupiga makofi. Alifuta mikono kwenye kikwembe, akauliza polepole, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi:

"Augustin iko wapi na radio yake?"

Kilomètre akashusha viganja.

"Mwaka jana tuliitolea ishirini," Mama Berthe aliendelea. "Kwa makofi. Makofi akasema, kitu kizuri vile hakiwezi kusikiwa na citoyen mmoja. Akaibeba, eti ikasikiwe na batu wote."

"Na inasikiwa," Mizani alisema. "Inasikiwa kwa dirisha ya bibi yake wa pili."

"Alors tuitolee zéro," Hilaire alisema haraka.

"Gramophone ya Philomène tuliitolea ngapi?" Mama Berthe akamwuliza.

Hilaire akainamisha kichwa. Ilikuwa zéro. Makofi aliibeba siku hiyo hiyo, akisema kwamba ilikuwa hatari kwa vijana.

"Na hatari ile iko wapi leo?" Kilomètre aliuliza.

"Kwa bibi wa kwanza," Mizani akajibu.

Kahawa ilipoa vikombeni. Mama Berthe alimwona Hilaire akitazama mlango wa chumba chake namna watu wanavyotazama mgonjwa. Akamgeukia Dictée.

"Maître, weye njo mutu wa points. Ishirini inaondoka, zéro inaondoka. Ni ngapi zinabakia nyumbani?"

Dictée alivua miwani. Katika maisha yake hakuna aliyewahi kumwuliza swali kubwa namna ile.

"Kumi hapana," alisema hatimaye. "Kumi inaleta mambo. Mutoto wa kumi, mama yake anakuya, anasema umuongezee. Directeur anakuya, anasema umupunguzie. Donc… kumi na moja. Miaka makumi mbili na mbili, hakuna mzazi hata mmoja aliyekuya kuniuliza juu ya mutoto wa kumi na moja. Mimi mwenyewe majina yao siyajui."

"Basi, michezo yote ine kumi na moja," Mama Berthe alisema.

"Matofali pia?" Dictée aliumia. "Ile iko travail propre, kazi safi, Mama."

"Matofali pia."

"Na mupira?" Kilomètre alishika kifua. "Mama, unaweza kunikata kidole. Lakini niseme mupira kumi na moja? Ulimi hautakubali."

Pale pale abacost ya kijivu ilionekana mwisho wa barabara, na daftari chini ya kwapa. Mama Berthe alifanya mambo mawili kwa mara moja: aliinyakua karatasi ya Bruxelles, akaitia kwenye rundo la kufungia mikate, na mkate wa moto, mzima, akamtia Kilomètre kinywani.

"Tafuna," alimwambia. "Usimeze mpaka nikuambie."

Makofi alifika, akapiga makofi matatu, benchi likapiga matatu. Hilaire alitoa televisheni mpaka kizingitini. Courant ya umeme siku ile ilikuwepo, jambo ambalo Hilaire alilijutia kwa mara ya kwanza.

"Citoyens, citoyennes. Raia ndiye anayehukumu. Mimi kalamu tu." Makofi akakaa kwenye kiti pekee chenye mgongo, cha Hilaire, akashika manette ya kuchezea. "Karate. Iko namna gani?"

"Banapigana, citoyen," Mizani alisema, "lakini bila chuki. Kumi na moja."

Kalamu ikasimama. Makofi alimtazama kama mtu aliyepewa kikombe kitupu.

"Kumi na moja? Bon. Ndege?"

"Zinaruka," Dictée alisema. "Kisha zinaanguka. Kumi na moja."

"Matofali?"

Dictée akainamia kikombe chake. Hilaire akajibu mwenyewe:

"Yanaanguka tu, citoyen. Siku nzima yanaanguka na hata nyumba hayajengi. Kumi na moja."

"Hamukuona hata kitu moja cha kushangaza?"

"Tulishangaa kidogo," Mizani alisema. "Kidogo ile njo kumi na moja."

Makofi aliweka kasete ya mpira. Mama Berthe akaona hatari inakuja, maana mtu yule alianza kucheza na bega moja, halafu mabega mawili, halafu akasahau daftari chini. Mchezaji wake alikimbia na viatu vya jirani toka mstari hadi mstari, akapiga, na mpira ukaingia golini. Makofi alisimama na mikono juu. Uso wake ulikuwa uso wa mtoto.

"Uliona ile but?" alimwuliza Kilomètre. "Ehn? Weye unajua mupira. Sema kweli."

Benchi zima lilimtazama Kilomètre. Mama Berthe akamfanyia ishara ya kumeza. Akameza, machozi yakamtoka, na haikujulikana kama ni ya mkate au ya mpira.

"But yako, citoyen, ishirini juu ya ishirini," alisema. "Lakini machine… machine ilikusumbua tu. Bila machine ungefunga mbili. Kumi na moja."

Hilaire alipumua. Makofi akakaa, akaandika kumi na moja mara nne, akafunga daftari.

"Kitu ya kumi na moja nitaipeleka kwa nani?" alisema, akijisemesha mwenyewe. "Ibakie. Mama, nifungie mikate mitano, niende."

Mkono wa Mama Berthe ulikuwa umefunga mikate miaka kumi na saba bila kumwuliza mwenyewe. Ulichukua karatasi ya juu, ukaikunja, ukatoa. Ndipo macho yake yakaona ulichofanya. Karatasi ya juu ilikuwa ya Bruxelles.

Mafuta yalikuwa yameshakula herufi ndogo zote. Zilizobaki upande wa nje ni zile nene za juu: 19/20, na chini yake, *travail propre*. Makofi aliinua kifurushi, akakigeuza kwenye mwanga.

"Hii kumi na tisa iko ya nini?"

Dictée alikohoa. "Iko dictée ya mutoto, citoyen, zile zangu…"

"Dictée inaandikwa na mukono. Hii imechapwa." Macho ya Makofi yakaanza kurudi polepole kwenye machine, kwenye kasete nne, kwenye jasho la Hilaire.

Mama Berthe alimtazama Hilaire. Akafikiria ile pirogue na maua yake. Halafu akatazama beseni lake: mikate sabini ya asubuhi, unga aliouchunga jana mara mbili, chachu aliyoilaza karibu na jiko kama mtoto mchanga.

"Iko ya mikate, citoyen," alisema.

"Ya mikate? Nani aliitolea?"

"Bruxelles."

Makofi aliuma mkate mmoja, akatafuna, akafunga macho.

"Bruxelles inajua mikate ya Kabondo," alisema, "na Comité yetu ya Chama haijui? Iko haya, Mama. Kitu ya namna hii haiwezi kubakia kwa barabara."

Akapiga makofi matatu. Akalibeba beseni kichwani, yeye mwenyewe, na abacost yake mwilini, na spoku ya baisikeli akaichukua pia, kwa ajili ya kugeuzia.

Walimtazama mpaka akakata kona.

"Mama," Hilaire alianza. Akaenda kizingitini, akarudi na kiti kile chenye mgongo, akamwekea Mama Berthe. Tangu siku ile hakuna mwingine aliyekikalia.

"Spoku ile ilikuwa ya gurudumu langu la nyuma," Kilomètre alinung'unika.

"Nyamaza," Mama Berthe akasema. "Weye uliokolewa na mukate."

Kesho yake, kahawa ikichemka, Makofi alirudi na beseni tupu. Alilitua, akajipangusa midomo kabla hajapewa kitu.

"Comité ilifurahi sana. Nijazie. Leo iko points ngapi?"

"Onja mwenyewe, citoyen." Mama Berthe alimtolea mkate mmoja kutoka kwenye karai. Ulikuwa na rangi ya mkate, na umbo la mkate, basi.

Makofi alitafuna. Akatafuna tena. Akatazama alikouma, akatafuta kitu cha kusema, hakukipata upande wa sifa wala upande wa matusi.

"Hii iko…"

"Kumi na moja," benchi likasema kwa pamoja.

Alifikiri kidogo. Akaacha nusu ya mkate kwenye ubao, akaacha na beseni, akaenda zake bila makofi.

Mama Berthe alingoja mpaka mgongo wa kijivu ukapotea. Kisha akainama, akavuta sufuria ya mikate mingine iliyofunikwa kitambaa chini ya benchi, akagawa. Mvuke ukapanda. Dictée alikula huku ameshika kalamu yake nyekundu bila kujua, na Hilaire akafunga macho. Kilomètre aliuma mara moja, akainuka, akajaza kifua, tayari Mangobo nzima isikie.

"Kilomètre," Mama Berthe alisema, bila kuinua macho toka kwenye mafuta. "Tafuna kimya."