Goti la Kinyozi

Jumatano, 4 Machi

Zimebaki siku sita. Goti la kushoto linatolewa, linawekwa la chuma. Nimeandika hivyo na mstari umepinda. Mkono huu! Miaka ishirini na saba unanyoa shingo za watu, haujawahi kupinda.

Leo kliniki, na mke wangu. Muuguzi, mama mmoja mwenye miwani inayoning'inia kifuani, katupa masharti. Sigara basi. Kuoga kwa sabuni ya hospitali, jioni na asubuhi ya siku yenyewe. Shuka safi, paka asipande kitandani, nisijipake poda wala mafuta. Nikikohoa au nikipata mchubuko, niseme. Nikauliza ukali wote wa nini. Akasema kijidudu kikifika kwenye chuma kinajificha huko, dawa inahangaika kukipata, na pengine goti jipya nalo litolewe. Heri nisingeuliza.

Mwisho akasema nisinyoe mguu. Eti wembe unaacha mikwaruzo isiyoonekana, na vijidudu vinapita humo. Nywele watazipunguza wao, kwa mashine. Mimi, mtu wa wembe, nipunguzwe kwa mashine na mtu asiyejua hata kushika kitana. Nikajibu sawa.

Alhamisi, 5 Machi

Mke wangu kabandika masharti mlangoni. Paka kahamia kwa jirani.

Dukani nimenyoa vichwa viwili, goti likawaka moto. Cha tatu nikakaa chini katikati ya kazi. Mteja kanipa pole, kavuka barabara na nusu kichwa, kaenda kumaliziwa kwa Kipara. Kipara ni kinyozi wa upande wa pili. Hana unywele hata mmoja na watu wanamwamini, sijui kwa lipi. Bila goti hili sina duka, na bila duka sijui mimi ni nani.

Nimeukagua mguu chini ya taa. Msitu. Vijidudu vitakosaje maficho humo? Muuguzi anajua sindano. Nywele najua mimi.

Jumamosi, 7 Machi

Nyuma ya goti sifiki. Nikameza fahari yangu, nikaenda kwa Kipara. Nikamwomba kama mwenzangu kazini, dakika tano tu. Akauliza hospitali wamesemaje. Nikasema wameniachia mwenyewe. Akaniangalia sana. Akasema kinyozi hajinyoi, na yeye hamgusi mtu anayekwenda kupasuliwa. Wivu tu.

Nilipofika nyumbani nikichechemea, simu ya Kipara ilikuwa imeshatangulia. Mke wangu kakusanya nyembe zote, kazifungia kabatini, ufunguo kautia kwenye mkufu shingoni. Akasema mume wangu, safari hii nakuomba usiwe fundi. Halafu akalia. Nilidhani mwoga ni mimi peke yangu humu ndani.

Jumatatu, 9 Machi

Kesho. Nimeoga kwa ile sabuni. Shuka safi. Naogopa. Naogopa kulazwa nisiamke, na naogopa kuamka na kijidudu ndani ya chuma. Nimekaa ukingoni mwa kitanda, mikono haina la kufanya. Ndipo nikakumbuka wembe mmoja ndani ya viatu vyangu vya harusi.

Bafuni, na kakioo ka mfukoni. Mbele laini kama yai. Nyuma nikaenda kwa kukisia. Pakachoma kidogo, nikapiga poda. Poda imekatazwa, nimekumbuka nilipomaliza. Lakini moyo umetulia, na hilo sabuni haikuweza.

Jumanne, 10 Machi

Muuguzi kaja na mashine yake, kafunua shuka, kageuza mguu. Akauliza nani kanyoa. Nikasema mguu ndivyo ulivyo tangu zamani. Akamwita daktari.

Vidonda vitatu, vyote nyuma, kimoja kimeshakuwa chekundu. Daktari hakufoka, bora angefoka. Akasema hawezi kuweka goti jipya kwenye mguu uliojaa milango wazi. Upasuaji umeahirishwa hadi tarehe 21 Aprili. Mzee wa kitanda cha pili, mlinzi wa ghala, miguu yake na nywele zake zote, akapelekwa chumba cha upasuaji badala yangu. Akanipungia mkono.

Nakiri humu tu: kwanza nilifurahi. Nimepona kisu leo. Ndipo nikamwona mke wangu mlangoni, kashika soksi zangu. Tulipofika nyumbani akauliza wiki sita nitasimamia nini.

Jumatano, 11 Machi

Kipara kaja na kiti kirefu, cha kunyolea nikiwa nimekaa. Nikashukuru, kwa shida. Akiwa mlangoni akaimalizia ile methali: na akijinyoa hujikata. Mke wangu akaitikia kama vile wamefanya mazoezi.

Nimekaa juu ya kiti chake nikatafakari. Kosa langu lilikuwa wapi? Mbele sikujikata hata mara moja. Nyuma ndiko mambo yalikoharibika, na nyuma nilikuwa na kakioo kadogo kuliko kiganja. Aliyetunga methali hiyo hakuwa na kioo cha ukutani. Mimi nimeshaagiza.

Wembe mpya ninao. Viatu vyote vimepekuliwa, hata malapa, kwa hiyo nimeuficha humu, kwenye ukurasa wa tarehe 20 Aprili. Mke wangu ni mstaarabu, shajara ya mtu haifungui.