Mzoefu wa Tipa Tangu Jumatatu

Jumatatu, 3 Machi

Nimeajiriwa! Mimi, Frankline Shitanda, dereva wa tipa! Miezi sita tangu kiwanda cha mikate nilikokuwa dereva kifungwe, miezi sita Jentrix akitulisha kwa nguo za mitumba anazouza sokoni Kibuye, na leo mumewe amerudi na kofia ngumu kichwani. Nimekula nayo chakula cha jioni. Jentrix amesema nikilala nayo atahamia kwa dada yake.

Kuna jambo moja dogo. Mzee Gurdial, mwenye kampuni, alituuliza sisi madereva wapya wawili kama tumewahi kuendesha tipa. Mwenzangu Waswa akasema hapana, ameendesha lori la miwa tu. Mjinga! Mimi nikasema miaka mitano, Mombasa. Nikatoa na barua. Barua niliiandika mwenyewe, kwa mwandiko wa kulalia kushoto. Mombasa sijafika.

Mzee Gurdial alifurahi. Huyu mzee anaongea Dholuo kunishinda mimi Mluhya, akanipiga begani akaniita "omera", yaani ndugu. Kisha akatangaza kwamba Waswa atafundishwa usalama wiki nzima. Mimi, kwa kuwa ni mzoefu, sihitaji mafunzo. Nitaanza kubeba mchanga Ijumaa, gari langu likitoka gereji.

Sihitaji mafunzo. Nimelitafuna neno hilo njia nzima mpaka nyumbani.

Jumanne, 4 Machi

Mwalimu anaitwa Nekoye. Mwanamke mfupi, kichwa chake hakipiti tairi la tipa, na madereva wote wanamwogopa. Nilikaa karibu na darasa lao nikijifanya nasoma gazeti, huku naandika pembeni. Zunguka gari kabla ya kuwasha. Kagua matairi, nati, breki, taa. Vizuri kabisa! Kisha mashine ya kusaga mawe ikawashwa, nikabaki kuona midomo tu. Nilichopata ni hiki: "Usi... ukiwa na... kamwe."

Nitajitahidi kukifuata.

Mchana Nekoye akaniomba nimrudishie tipa moja nyuma hatua tatu. Nilipanda kwa madaha. Kule juu vitufe ni vingi kama vya kinanda cha kanisani. Nikabonyeza kimoja, maji yakaruka kwenye kioo. Nikabonyeza kingine, honi! Mbuzi wa jirani walitawanyika, mmoja bado anatafutwa. Nikashuka nikaeleza kwamba gari hili muundo wake si kama wa kule kwetu Mombasa. Nekoye akaniuliza kule Mombasa gia ya kurudi nyuma iko wapi. Nikajibu inategemea upepo.

Sijui kwa nini nilijibu hivyo.

Jumatano, 5 Machi

Usiku akili ilinijia. Nitamtahini Waswa!

Nilimwita pembeni saa ya chai, nikamwambia kwamba mimi kama mkubwa wake kikazi nina wajibu wa kumpima. Akakaa wima, mikono magotini. Nikakunja uso na kuuliza: bodi ya tipa, lile sanduku la mzigo, inainuliwaje? Akaeleza yote, maskini. Simamisha gari, vuta breki ya mkono, fungua mlango wa nyuma kwanza, kisha vuta kile kijiti cheusi kilicho kando ya kiti. Kijiti cheusi! Mimi nilidhani ni cha redio.

Nikamuuliza mahali gani mtu anaweza kumwaga mzigo na mahali gani hawezi. Akasema hilo somo ni la kesho. Nikampa nane kwa kumi. Alinishukuru kwa mikono miwili, akaniletea mahindi ya kuchoma. Nilijihisi mwizi kidogo. Mahindi yalikuwa matamu.

Alhamisi, 6 Machi

Somo la leo walilifanyia katikati ya uwanja, hapana pa kujificha. Nikatambaa chini ya tipa iliyoegeshwa karibu nao. Kivuli kizuri, upepo wa ziwa unapita. Nikalala.

Niliamshwa na kiatu cha Nekoye kikinigonga unyayo. Nikasema nakagua springi. Akauliza kama huwa nakagua nikikoroma. Nilicheka. Yeye hakucheka. Alichuchumaa akaniambia kwa sauti ya chini kuhusu dereva mwenzake wa zamani, Khaemba, aliyejilaza chini ya lori kupumzika jua lilipokuwa kali, na aliyekuja kuliondoa hakuzunguka kuangalia.

"Alikuwa anaimba sana huyo," akasema. "Sasa hatuna mtu wa kuimba."

Nikatambaa nikatoka chini ya gari.

Baadaye nilimsikia dirishani akimwambia Mzee Gurdial kwamba huyu Shitanda asiguse barabara mpaka yeye ampime. Mzee akajibu kwamba barua yangu inatosha. Hapo nilipaswa kuingia na kusema ukweli. Nilifika hadi mlangoni. Mkono ulikuwa tayari kwenye kitasa. Kisha nikakumbuka Jentrix amewaambia wanawake wote wa Kibuye.

Ijumaa, 7 Machi

Naanza na yaliyokwenda vizuri.

Nilipewa mchanga wa kupeleka mtaa wa Nyalenda kwa Mama Sheryl, anayejenga vyumba vya kupangisha. Waswa alitumwa aende nami ili amwone mtaalamu akifanya kazi. Niliendesha vyema! Kwa mwendo wa kobe, lakini vyema. Nikazunguka gari, nikakagua nati. Hata Waswa alivutiwa.

Mvua ilikuwa imenyesha. Mama Sheryl akataka mchanga umwagwe karibu na ukuta, pale ambapo ardhi inateremka kuelekea jiko lake la mabati. Waswa akasema kwa adabu kwamba mwalimu amekataza kuinua bodi mahali pasipo tambarare, na kwamba mchanga wenye maji hunata juu na kulilemea gari. Nikamwambia hayo ni ya vitabuni. Nikavuta kijiti cheusi.

Bodi ikapanda. Mchanga haukushuka. Nikapandisha zaidi. Haukushuka! Nikapandisha mpaka mwisho, na hapo nikasikia tairi la kushoto likizama polepole, na dunia yote ikaanza kulalia upande wa jiko. Ndani ya jiko alikuwemo bibi mmoja anakaanga mandazi, ametugeuzia mgongo.

Nikafungua mlango niruke.

"Usiruke!" Waswa akapiga kelele kutoka nje. "Kaa ndani! Shusha bodi, Bwana Shitanda, shusha polepole!"

Ningependa kuandika kwamba nilimtii. Ukweli ni kwamba mkanda uligoma kufunguka. Nilipotazama ardhini kupitia mlango wazi nikaona mahali ambapo ningeangukia, na gari lote lingeangukia hapo hapo juu yangu. Waswa alikuwa ameshakimbilia jikoni. Alimbeba yule bibi kama gunia, mwiko wake bado mkononi, akamweka ng'ambo ya uzio. Nami nikakiona kile kijiti, nikakisukuma chini, taratibu, huku naomba kwa lugha zote tatu ninazojua.

Bodi ikashuka. Gari likatulia, limeinama kama mlevi ukutani. Yule bibi akauliza nani atamgeuzia mandazi.

Waswa aligeuza mandazi. Mimi nilikuwa bado napambana na mkanda.

Jumamosi, 8 Machi

Tuliitwa ofisini. Usiku kucha nilikuwa nimepanga la kusema: udongo wa Nyalenda, mvua, springi. Lakini Waswa akatangulia. Akasema nilibaki kitini bila woga na nikashusha bodi kwa utulivu mkubwa. Mzee Gurdial akasimama anipe mkono.

Nilikuwa nimeshaunyoosha wangu. Wallahi, ulikuwa hewani. Kisha nikamtazama Waswa, nikaona anaamini kabisa alichosema. Nikasema yote: barua, gari la mikate, Mombasa, mtihani wa uongo, hata mahindi.

Mzee Gurdial akakaa. Akamwambia Nekoye kwamba yeye mwenyewe pia ana kosa, kwa kuwa alionywa akaamini karatasi. Kunifukuza, Nekoye ndiye aliyekataa. Alisema nikifukuzwa nitaenda kudanganya kampuni nyingine, na huko kutakuwa na jiko jingine na bibi mwingine. Afadhali nifundishwe hapa hapa, kuanzia mwanzo. Mwalimu wangu msaidizi: Waswa. Nitavaa kizibao cha njano kilichoandikwa MWANAFUNZI mgongoni.

Jentrix alinisikiliza mpaka mwisho. Hakugomba. Alisema tu kwamba angenipenda hata nikisukuma mkokoteni, ila nirudi mzima. Nimelia kidogo, nimesingizia kitunguu. Hatukupika kitunguu.

Naapa hapa, kwa kalamu hii: uongo basi. Nimekuwa mtu mpya.

Jumatatu, 10 Machi

Siku njema! Waswa amenisifu kwa kupima kama ardhi ni tambarare. Nekoye amenitazama bila kuguna.

Mchana Mzee Gurdial akaja uwanjani. Kampuni imepata kazi ya kupeleka mawe Asembo Bay, kando ya ziwa, kujenga gati dogo, na anahitaji mtu mmoja wa kusimama kwenye mashua na kuongoza upakuaji. Ni maji marefu, akasema, kwa hiyo usalama kwanza: nani hapa anajua kuogelea?

Madereva wote wakatazama viatu. Nikauona mkono mmoja umepanda juu. Mkono wenyewe ulikuwa wangu.

Miaka minne, nimemwambia. Mto Isiukhu, kwa mashindano.

Safari ni Alhamisi. Sina wasiwasi. Kuogelea ni mikono na miguu tu, na vyote ninavyo.