Vibonye Vyangu na Kioo cha Morris

Jumatatu, 9 Juni 2025
Mama Filister, mwenyekiti wa kundi letu la wapangaji hapa Gatwekera, anatafuta katibu. Atakayeandika haraka zaidi kwa simu Jumamosi ndiye atakayepewa. Kazi ni yangu. Simu yangu ina vibonye halisi, herufi zote. Mpinzani ni Morris kinyozi na simu yake ya kupangusa. Mtu mzima anapapasa kioo kama anayetafuta chawa.

Jumatano, 11 Juni
Nimemwambia Morris kioo ni cha kujitazama, si cha kuandikia. Akauliza, “Jeconia, hiyo yako inatumia makaa?” Wateja wake wakacheka. Wajinga. Mimi naandika hata simu ikiwa mfukoni! Nimemtumia Mama Filister ujumbe hivyo, aone kipaji. Akapiga mbio kuuliza kama nimeanguka.

Alhamisi, 12 Juni
Kibonye cha A kimeng’oka. Kiswahili bila A! Nimetembea hadi Kawangware kwa Muia, fundi wa simu kuukuu. Amenipa kibonye cha Q, eti hicho hakuna anayekihitaji. Nimekibandika mwenyewe mahali pa A. Gundi nyingi, kisitoke tena.

Ijumaa, 13 Juni
Nimepata wazo. Kioo hakipatani na mafuta. Kesho Morris atakula bhajia zangu.

Jumamosi, 14 Juni
Alikula zote, akashukuru. Mama Filister akasoma tangazo la mkutano wa maji tuliandike. Morris akapangusa, kioo kikakataa. Akapangusa tena. Mimi nikatabasamu nikibonyeza kama mvua juu ya mabati. Ndipo Morris akainua simu mdomoni, akaisomea tangazo kwa upole. Simu ikaandika yenyewe, hata nukta ikaweka.

Yangu? Gundi ilikuwa imekigandisha kibonye cha A chini. Mama Filister alianza kuisoma kwa sauti: “Mkutaaaaaa...” Pumzi ikamwishia kabla ya kufika kwa maji. Watu walilia kwa kicheko.

Jumapili, 15 Juni
Morris amekuja nyumbani. Anataka niwe naibu wake, na ameniletea simu yake ya zamani ya kupangusa, bure. Mama Filister alikuwa naye. Akasema, “Chukua, Jeco. Hakuna anayekucheka tena.”

Nimekataa. Huruma ya kinyozi siitaki.

Nimekaa nikafikiri kwa makini kilichoniangusha, na sasa najua. Vibonye vilikuwa vichache. Kesho alfajiri naenda Kawangware. Muia ana simu yenye safu mbili zaidi.