Rangi ya Jemedari

Jumatatu, 10 Juni
Vita imeanza! Nimemshusha Jemedari, dume la kisasa la kondoo wa chuo chetu, hapa Itetemia kwa Bibi Minza, mwenye majike ishirini. Anashindana na dume la kienyeji la Bibi. Jemedari nimempaka rangi nyekundu kifuani, la kienyeji bluu. Jike akipandwa, rangi inabaki kiunoni. Alhamisi mkuu wa idara anakuja kuhesabu. Nikishindwa, mradi wangu anapewa Dkt. Adelina, mtaalamu wa mbuzi. Miaka sita ya jasho langu! Thubutu!

Jumanne, 11 Juni
Bluu wanane. Nyekundu hakuna. Jemedari kalala kivulini tangu jana. Nimewaambia wanafunzi wangu wa mwaka wa pili kwamba anatathmini mazingira. Wameandika! Bibi Minza kaniambia nisihangaike: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nikamjibu kwamba sayansi haiendi kwa methali.

Jumatano, 12 Juni
Mimi nishindwe na kondoo wa mkia mnene? Sikubali. Bibi alipokwenda jumuiya, nimefuta vifua vyote viwili kwa mafuta ya taa, nikabadilisha rangi. Sasa jekundu ni la kienyeji. Lifanye kazi lenyewe, sifa zije chuoni! Limenipiga kichwa cha goti. Nimelisamehe.

Alhamisi, 13 Juni
Jamani! Jemedari kaamka! Tangu jana mchana kapanda majike kumi na moja, wote bluu. La kienyeji limechoka, linacheua tu. Mkuu kahesabu: bluu kumi na tisa, nyekundu sifuri. Kampongeza Bibi Minza kwa mbegu bora. Adelina, aliyekuja na mkuu, kaniuliza kwa upole kama naumwa. Bibi kaitazama mikono yangu, rangi mbili hadi viwikoni, akaniletea sabuni.

Jumamosi, 15 Juni
Mradi kapewa Adelina. Dume la kienyeji linahamia chuoni. Bibi Minza, mjanja yule, kaomba aachiwe Jemedari awe kifuta jasho, na kapewa! Nimelia kidogo ndani ya gari la idara, nakiri.
Lakini kosa langu nimelichambua kisayansi. Halikuwa kubadilisha rangi. Lilikuwa kubadilisha mara moja tu.
Jumatatu Adelina anapima uzito wa mbuzi wake. Ufunguo wa stoo ya mizani bado ninao mimi.