Sindano za Alhamisi

Jumatatu, 6 Machi

Leo ni leo! Mke wangu Qiuying amekubali. Kesho mimi naye tunaenda kwa Daktari Pu, yule mama wa tiba ya sindano ng'ambo ya mfereji. Miaka saba ya ndoa bila mtoto, hospitali wametupima wakasema hawaoni kasoro, na sasa mambo yanaiva! Mama mkwe ndiye aliyeleta habari. Sindano zenyewe nyembamba kama unywele, anasema. Damu inakumbuka njia yake, tumbo linapata joto la kubeba. Jirani yake alichomwa wakati wa baridi na sasa anasubiri kujifungua.

Nimeshachagua jina. Nimeshaamua kitanda cha mtoto kikae wapi. Nimesukuma kabati ili kupisha nafasi, likakwama mlangoni. Ikabidi Qiuying apitie dirishani kwenda kazini. Akauliza kama mtoto mwenyewe anafika jioni hii.

Dukani nimemtangazia kila aliyekuja kupima miwani. Bustanini nimewatangazia wacheza sataranji wote. Binamu yangu Dapeng, ambaye ana mtoto chuo kikuu na hachoki kutukumbusha, akacheka mpaka kitambi kikagonga ubao. Eti, mdogo wangu, hata mti wa limau umekushinda kuzaa!

Tutaona.

Jumanne, 7 Machi

Kwa Daktari Pu. Chumba kinanuka moshi wa majani makavu. Pazia likapeperuka kidogo, nikaona sinia. Juu ya sinia, sindano. Nyingi! Nikamwambia Qiuying aingie tu, mimi nitalinda mwavuli.

Nikaulinda kikamilifu.

Ametoka na mashavu mekundu. Anasema ni kama sisimizi anayepita, halafu joto, halafu usingizi. Nilifurahi sana hadi aliposema kwamba daktari ananitaka na mimi. Wanawake ni Jumanne, wanaume ni Alhamisi. Daktari kasema huwezi kulihoji shamba peke yake, na mbegu nayo ihojiwe.

Nikajibu kwa sauti kubwa kwamba bila shaka, kwa furaha zote! Kisha nikaenda chooni nikakaa na kichwa katikati ya magoti. Sindano. Mimi! Mtu niliyeruka ukuta wa shule siku ya chanjo!

Jumatano, 8 Machi

Nimepata! Akili hii, sijui kwa nini imepewa muuza miwani.

Kwanza: Daktari Pu hajawahi kuniona uso. Pili: Alhamisi Qiuying yuko kazini kutwa. Tatu: Dapeng analalamikia mgongo tangu mwaka jana. Basi Dapeng aende kwa jina langu, Kuang Yilin! Yeye apate dawa ya mgongo, daktari apate mgonjwa, Qiuying apate amani, nami nibaki bila matundu. Nani anaumia? Hakuna.

Dapeng alikubali haraka mno, halafu akaleta sharti. Lazima nitamke mbele ya watu wote wa bustanini kwamba ile sataranji ya mwaka mpya alinishinda kihalali. Uongo mtupu, alikuwa ameficha farasi wangu chini ya kikombe. Lakini mtoto kwanza. Nikatamka. Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja akaniomba nirudie kwa sababu hasikii vizuri.

Alhamisi, 9 Machi

Dapeng kaenda, kachomwa, karudi anaimba. Anasema alikoroma juu ya kitanda cha daktari kama bwana harusi. Mimi nilijificha stoo ya duka na kula maandazi ya mvuke. Jioni Qiuying akauliza iliuma? Nikasema kidogo tu, mwanaume huvumilia. Akanipikia supu ya kuku na kunikanda mabega. Sijawahi kuwa shujaa kwa urahisi namna hii!

Jumanne, 14 Machi

Tatizo dogo.

Qiuying karudi kutoka kwa daktari ananitazama kama mgeni. Daktari amemsimulia hali ya mumewe. Mumewe anakunywa sana pombe kali ya mtama. Mumewe anakoroma. Mumewe ana mgongo mbovu, ulimi mnene na mafuta kuzunguka ini.

Akaniuliza, "Yilin, unakunywa lini?"

Ningefanyaje? Nikasema huwa nakunywa kwa siri, dukani. Huzuni za kukosa mtoto. Akanikumbatia, akalia. Nikajisikia vibaya hadi saa ya chakula.

Sasa ni usiku wa manane, nimelala macho ili nikorome. Kazi ngumu! Ukijisahau tu, umelala usingizi wa kweli na mkoromo umekatika.

Jumapili, 26 Machi

Mambo yamezidi. Daktari ametuma dawa ya mizizi ya kusafisha ini. Ini la Dapeng! Qiuying anaichemsha mwenyewe alfajiri, jikoni kunanuka kama kiatu kilichozikwa. Bakuli zima, asubuhi na jioni, naye amesimama mbele yangu hadi tone la mwisho. Tena nimepigwa marufuku nyama ya nguruwe, bata, na chochote cha baridi. Kila jioni miguu ndani ya beseni la maji moto na tangawizi. Nimekonda. Suruali naifunga kwa kamba.

Na Dapeng? Ananawiri! Mgongo umenyooka, kitambi kimeshuka, anapanda ngazi kwa mbio. Leo bustanini amekula bata mzima mbele yangu huku akilamba vidole. Kaniambia nisikose dawa zake, maana anajisikia vizuri mno.

Hata hivyo nina matumaini makubwa! Qiuying analala vizuri siku hizi, mikono yake haina baridi tena, na anaimba akiosha vyombo. Ameniambia kwamba Jumanne akilala pale na sindano zake hufikiria kwamba Alhamisi nami nitalala palepale, basi haogopi. Nikasema ndiyo, hata mimi.

Jumapili, 21 Mei

Siamini. Siamini!

Guizhen, mke wa Dapeng, ana mimba. Ana miaka arobaini na mitatu! Alidhani ni gesi. Dapeng anasema mkewe alipopata majibu alimpiga yeye kwa mwiko, akalia kwa furaha, akampiga tena. Sasa mpumbavu huyu anatembea bustani nzima akipokea mikono ya watu. Sindano zangu hizo! Alhamisi zangu! Mizizi nimekunywa mimi, mtoto kapata yeye!

Nimemwambia Qiuying habari kwa uangalifu. Alisema vizuri, Guizhen ana bahati. Halafu akaenda kuanua nguo ambazo bado zilikuwa mbichi.

Jumanne, 23 Mei

Siku mbaya.

Nilimsindikiza Qiuying nikakaa nje na mwavuli kama kawaida. Mara namwona Dapeng anakuja na kikapu kikubwa cha matunda chenye utepe mwekundu. Nikampungia mkono arudi. Nikampungia kwa mikono miwili. Akadhani nampongeza, akanipungia naye, akaingia huku akitangaza kwamba mkewe ana mimba! Nikamfuata mbio hadi ndani.

Daktari Pu akatoka mbio, akamshika mikono.

"Bwana Kuang! Hongera!" Kisha akaita kuelekea pazia, "Mama Qiuying, mbona hukuniambia? Mumeo anasema una mimba!"

Pazia likafunguka. Qiuying akasimama pale pekupeku, sindano moja bado iko katikati ya nyusi, inatikisika. Alitazama tumbo lake mwenyewe. Akamtazama Dapeng. Akanitazama mimi na mwavuli.

Dapeng akasema, "Shemeji, karibu tunda."

Afadhali angepiga kelele. Hakupiga. Alisema kwa sauti ndogo, "Kumbe nilikuwa nalala pale peke yangu. Mimi nikidhani tuko wawili."

Daktari akaitoa ile sindano taratibu. Qiuying akavaa viatu, akaenda kwa mama yake. Mwavuli nimebaki nao mimi.

Jumatano, 24 Mei

Nimemwona mama mkwe tu, na yeye kwa upenyo wa mlango. Amesema ameona waume wa kila namna: walevi, wavivu, hata mmoja aliyeoza meno yote. Lakini mwanaume mzima anayeazima mgongo wa mwenzie ili kupata mtoto, huyo hajawahi kumwona. Akaniuliza kama na kulea nitamtuma Dapeng.

Nimesema mwambie Qiuying kesho naenda kuchomwa. Mimi mwenyewe, huyu huyu. Aje ashuhudie. Mlango ukafungwa.

Nyumba iko kimya. Nimechemsha dawa ya mizizi na kunywa, hata sijui kwa nini.

Alhamisi, 25 Mei

Alikuja! Na mama yake, lakini alikuja!

Nililala kitandani. Daktari Pu akasema nivute pumzi. Nikavuta. Akachukua pamba yenye spiriti, akanipangusa mkono. Hiyo harufu ndiyo ninayoikumbuka mwisho.

Nilipozinduka watu watatu walikuwa wameniinamia, na kuna kitu chini ya pua. Sindano! Daktari alinichoma hapo ili kunizindua. Kwa hiyo kuchomwa kulishapita na mimi sikuwepo! Mama mkwe akasema hata kwenye sindano yake mwenyewe kamtuma mtu mwingine.

Kisha daktari akanipima mapigo ya mkono, akaangalia ulimi. Muda mrefu. Akasema huyu hana ini bovu hata kidogo. Huyu ana baridi ya tumbo na wasiwasi wa tangu utotoni, na ile mizizi yote aliyokunywa ilikuwa ya kumpoza mtu mwenye joto. Ndiyo maana kakonda kama mwanzi. Kisha akanichoma moja mkononi, safari hii nikiwa macho.

Qiuying akaanza kucheka. Alijizuia, akashindwa, akakaa sakafuni akicheka huku machozi yanamtoka, na sijui ni machozi ya namna gani, lakini alipoinuka alivuta kiti karibu akanishika mkono ule usio na sindano. Akasema nikithubutu tena ataniacha kweli. Nikaapa. Nimeapa kwa babu zangu wote, hata wale nisiowajua majina.

Daktari amekubali tuje siku moja, vitanda viwili, pazia wazi. Ni kweli, ni kama sisimizi. Sisimizi mwenye hasira, lakini sisimizi.

Jumatatu, 4 Septemba

TUNA MIMBA! Tuna mimba, tuna mimba, tuna mimba!

Qiuying alinionyesha kipimo asubuhi. Nilikimbia nje nikamkumbatia muuza mboga. Daktari Pu tulipompigia akasema pole pole, mwili una siri zake, sindano zilisaidia kupanga tu, na twende hospitali tufuatilie vizuri. Mama mkwe amelia, akaniita mwanangu, mara ya kwanza tangu harusi. Hata Dapeng nimemsamehe. Watoto wetu watacheza sataranji pamoja, na wangu atamshinda wake.

Mambo yote ni mazuri! Kajambo kamoja tu. Hospitali wanasema damu ya Qiuying ni kundi O, kwa hiyo wanataka na damu ya baba, wajue mtoto anaweza kurithi kundi gani. Wanatoa mkononi. Sindano ile siyo unywele kabisa, nimeiona, ni bomba! Qiuying ameuliza kama nitaweza. Nikasema kwa sauti kubwa kwamba bila shaka, kwa furaha zote!

Dapeng hafai tena, anajulikana. Lakini fundi saa wa duka la jirani tunalingana urefu, tena miwani yake nilimtengenezea mimi. Nimemwomba Ijumaa aende na kitambulisho changu. Kakubali! Qiuying hatajua. Daktari hatajua. Na nani anadhurika? Damu ni damu. Yote nyekundu.