Nilivyotafsiri Utamu Mbele ya Mama Mkwe

Leo nimevuliwa nguo ukweni. Na aliyenivua ni mimi mwenyewe.

Mnanijua, miguu yangu haitulii. Songea, Tanga, Mombasa, kote nimeishi, na kote nimeota harufu ya korosho za Newala zikikaangwa. Sasa nimerudi, na mama mkwe wangu wa kijijini Mnyambe haachi kuuliza huko kote nimeleta nini. Nikamjibu: Kiingereza. (Cha kidato cha nne. Msicheke mapema.)

Asubuhi stendi ya Masasi nikakutana na mama wa Kizungu anayeandika kitabu cha mapishi. Anatafuta mkalimani, na nyumba ya kuonjea korosho. Nikaona neema imejileta: kibarua, na heshima ukweni. Tukapanda gari la Newala.

Ukweni kwetu mwanamume hamkazii macho mama mkwe. Unatoa shikamoo umeinama, unakaa pembeni, na mambo ya chumbani hayatajwi hata kwa fumbo. Nikakaa pembeni. Mama akakaanga. Mgeni akaonja, akafumba macho, akaongea. Akaongea tena. Kwamba sisi tunasema "tamu" kwa korosho, kwa wimbo, hata kwa usingizi. Kwao raha ya ulimi ina neno lake. Kuna "sensuous", raha ya pua, masikio na ngozi. Halafu kuna jirani yake, "sensual", ambayo safari yake huishia kitandani. Akaniomba nimuulize mama: akikaanga, husikia raha ipi?

Nilielewa yote. Ndiyo balaa lenyewe.

"Anauliza kama ni tamu," nikasema.

Mama akaacha kukoroga. "Maneno yote yale, tamu tu? Zuhura, mumeo hicho Kiingereza alikiona akiwa dirishani mwa basi?"

Majirani waliokuja kumtazama mgeni wakaangua kicheko. Mke wangu akatazama chini. Hapo mtu mwenye akili angenyamaza. (Mimi nina cheti.)

Nikasimama. Nikafafanua, kwa sauti ya kufika barabarani, kwamba ipo raha ya harufu, safi kabisa, na ipo ile nyingine ya mume na mke wakishazima taa, na kwamba mgeni anamwomba mama achague.

Korosho zikaanza kuungua. Mama akajifunika uso kwa kanga, akaingia ndani, akafunga mlango. Sauti ikatokea dirishani, si kwangu, kwa mwanawe.

"Zuhura, Kiingereza mumeo anakijua. Mwambie akirudishe alikokitoa."

Mgeni, kalamu mkononi, akaniuliza mama amechagua neno lipi.

Nikamwambia bado anafikiri.

Naandika haya nikiwa nje. Wanakaanga nyingine, harufu inanifikia vizuri sana, sahani haijanifikia. Atakayecheka acheke kwa Kiingereza, mama asielewe.