Kilomita Zangu za Kwenda Machakos

Jumapili, 3 Agosti 2025
Mchungaji ametangaza safari ya baiskeli, kutoka mtaa wetu wa Fedha hadi Machakos, kuchangisha viti vya magurudumu. Cha kwanza ni cha Mzee Nzuki, mchonga vinyago ambaye miguu yake ilikataa mwaka jana. Mkewe humleta ibadani kwa wilbaro. Ndirangu, jirani yangu wa ghorofa ya juu, muuza vigae, aliinua mkono wa kwanza. Akapigiwa makofi. Niliinua wa pili. Kimya. Basi nikasimama nikaeleza kwamba zamani nilikuwa nashindana kwa baiskeli kule Ukambani. Makofi mengi. Tukirudi nyumbani, mke wangu Nthoki aliuliza nilishindana na nani. Nikasema ilikuwa kabla hatujajuana.

Jumatatu, 4 Agosti
Nimetoka ofisini mapema kwa sababu ya jino. Jino halina shida. Nimenunua baiskeli kwa Hamse, fundi wa Majengo. Aliniomba niiendeshe kidogo mbele yake. Nikamwambia mtu mzoefu huijua baiskeli kwa kuitazama. Nimeisukuma kwa mkono kutoka Majengo hadi Fedha. Safari ya saa tatu. Hayo pia ni mazoezi. Nimepata na kaptura ya mtumba ya waendesha baiskeli, yenye sponji ndani.

Jumatano, 6 Agosti
Mazoezi ya kwanza, alfajiri, nyuma ya ploti. Nilipanda. Nikaenda mita kumi hivi, nikaingia kwenye michongoma. Lawama zote naitupia kaptura. Ndirangu alipita na baiskeli yake, akaniambia kwa upole kwamba nimeivaa nyuma mbele. Nikamwambia ndivyo tulivyovaa mashindanoni. Akanitakia siku njema. Mtu wa hatari.

Ijumaa, 8 Agosti
Mchungaji anataka mazoezi yetu yarekodiwe na simu, ramani na kilomita, kila mtu ayaone kwenye kundi la wasapu. Ndirangu: kilomita thelathini. Mimi: sifuri nukta moja. Lakini nimepata akili. Obura, bodaboda wa steji yetu, atashinda na simu yangu mfukoni kesho. Alicheka, akasema, "Buda, tulia. Hiyo ni kitu ndogo."

Jumamosi, 9 Agosti
Kilomita mia moja arobaini na mbili! Mimi nilijificha kwa kinyozi kutwa nzima. Nimenyolewa mara mbili. Mchungaji ameandika kwamba Mungu amenijalia mapafu. Ndirangu ameuliza tu nilipandaje Ngong kwa kasi ya themanini. Nimejibu upepo ulikuwa nyuma yangu.
Jioni Nthoki akaitazama ile ramani kwa makini. "Baba Muthama," akasema, "hapa Umoja ulisimama kwa saa mbili na nusu. Ni kwa nani?" Mimi nitajuaje Obura ana nani Umoja? Ilibidi nikiri yote. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha akaacha kucheka, akasema nimwambie Mchungaji.

Jumapili, 10 Agosti
Nilikwenda kumwambia. Kabla sijafungua mdomo akanitangaza kapteni wa safari. Waumini wameahidi mchango kwa kila kilomita nitakayomaliza mimi binafsi. Mzee Nzuki aliniita, akanishika mkono kwa nguvu, akaniambia hataki kiti cha rangi ya waridi. Nimemwahidi cheusi, nikarudi nyumbani bila kumwambia Mchungaji.

Jumamosi, 16 Agosti
Naandika nimelala kifudifudi. Kukaa hakuwezekani. Wiki nzima nilijifunza kuendesha usiku nyuma ya ploti, mpaka michongoma ikanizoea.
Nilitangulia na bendera mpaka geti la mtaa. Kufika Mlolongo, wote walikuwa wamenipita, pamoja na wamama wa kwaya. Kufika Lukenya miguu iligoma kabisa. Nilikaa kando ya barabara nikangoja gari la msaada. Likaja. Nikafungua mlango. Mzee Nzuki alikuwa ndani, amevaa suti. Hakunilaumu. Aliyatazama tu magoti yangu, kama mtu anayetazama kitu alichowahi kuwa nacho. Nikaufunga mlango polepole, nikapanda tena baiskeli. Nikaenda labda nusu kilomita, nikasimama tena.
Ndipo nikamwona Ndirangu akirudi. Alikuwa mbele huko na kundi la kwanza. Akageuza baiskeli yake kando yangu, akaniwekea mkono mgongoni. "Baba Muthama, wewe kanyaga tu. Mlima niachie mimi."
Alinisukuma kwa mkono mmoja kila mlima mpaka Machakos. Karibu na Kyumvi nikashindwa kuvumilia, nikamweleza habari za Obura. Akasema anajua. Siku ile Obura alikuwa amembeba yeye kumpelekea mteja wake wa Ngong sampuli za vigae, na simu yangu ilikuwa ikilia mfukoni mwa Obura njia nzima; kila alipoitoa kuinyamazisha, jina la Nthoki likaonekana. Hakuwa amemwambia mtu.
Tuliingia Machakos saa kumi na moja jioni, wa mwisho kabisa, mahema ya mapokezi yakiwa yameshakunjwa. Ndani ya gari la msaada, Mzee Nzuki alijinyoosha hadi kwenye usukani, akapiga honi mpaka dereva akamwomba apumzishe betri. Kilomita zote zimehesabiwa. Kiti kinakuja wiki ijayo, cheusi. Macho yaliniwasha kidogo. Vumbi la Machakos ni baya.

Jumapili, 17 Agosti
Leo nimeombwa kutoa ushuhuda. Nilikusudia kusema ukweli, hata Nthoki alininyooshea tai kwa ajili hiyo. Nilisimama. Kanisa limejaa, watu wamesimama hadi nje. Nikajisikia nikieleza jinsi nilivyopunguza mwendo ili kumsindikiza Ndirangu, ambaye alikuwa amechoka. Ndirangu ndiye aliyeanza makofi. Nthoki aliinamisha kichwa kama anayeomba, na nadhani alikuwa akiomba kweli.
Halafu Mchungaji akatangaza kwamba mwezi wa kumi tutapanda mlima wa Kilimambogo, kuchangia wadi ya akina mama. Niliinua mkono kabla hajamaliza sentensi, na kabla ya Ndirangu. Nimewaambia niliwahi kuupanda na gunia la maharagwe mgongoni.
Baada ya ibada nimempigia binamu yangu wa Thika, nikiwa nyuma ya choo ili Nthoki asisikie, kumuuliza kama kuna barabara ya gari hadi kileleni.
Ipo.